Tangazo la Mtaa Wakati wa Mlipuko: Lipate, Lihakiki, Lifanyie Kazi

Saa mbili usiku gari la matangazo linapita. Spika inakwaruza. Unasikia "kuanzia kesho", unasikia "soko", unasikia "atakayekaidi", kisha gari limekata kona. Asubuhi kijiweni kila mtu ana tangazo lake. Mmoja anasema soko limefungwa. Mwingine anasema wamezuiwa wauza samaki tu. Wa tatu katumiwa klipu na shemeji yake wa mkoani. Wewe una mtaji wa nyanya ndani ya tenga, na hujui utoke au ubaki.

Ugonjwa wa mlipuko ukiingia, habari za redio na televisheni zinakueleza hali ya nchi. Zitakazoiokoa nyumba yako ni zile ndogo za mtaani: zahanati gani inapokea wagonjwa, vidonge vya kutibu maji vinagawiwa wapi, mnada upo au haupo, bwana afya anapita nyumba zipi na lini. Hizo usizisubiri zikukute. Zifuate. Hizi hapa mbinu.

1. Jua nani anatangaza nini

Ugonjwa wenyewe hutangazwa na Wizara ya Afya. Machi 16, 2020 aliyetangaza mgonjwa wa kwanza wa corona Tanzania, aliyekuwa Arusha, alikuwa Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu. Mkuu wa mkoa na mkuu wa wilaya hutoa maagizo ya maeneo yao. Halmashauri, chini ya mkurugenzi, ndiyo yenye masoko, stendi, zahanati na bwana afya. Kata na mtaa, au kijiji, ndiko agizo linakobisha hodi mlangoni kwako.

Ukishajua hivyo, hutapoteza muda. Swali la soko mpelekee mtendaji. Swali la dalili lipeleke zahanati. Swali la "ugonjwa umefika nchini au la" lisubiri Wizara. Mwenyekiti wako wa mtaa hana maabara, kwa hiyo usimbane akuambie fulani ameugua nini.

2. Andika namba tano leo, kabla hazijahitajika

Chukua karatasi. Andika namba ya mtendaji wa mtaa au kijiji. Chini yake ya mwenyekiti. Kisha ya mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayepita kwenu. Kisha ya zahanati au kituo cha afya cha karibu. Ya tano ni 199, kituo cha simu cha Wizara ya Afya. Hiyo hupigwa bure, hata salio likiwa sifuri.

Namba za zamani zifute. Uchaguzi wa serikali za mitaa ulifanyika Novemba 27, 2024. Kama simu yako bado ina "M/kiti" wa miaka ya nyuma, huenda unampigia mtu aliyekwisha kukabidhi muhuri.

Tofautisha pia mtendaji na mjumbe wa nyumba kumi. Mjumbe ni wa chama. Anawajua watu wote wa shina lake, na wengi bado tunamkimbilia kwa shida za nyumbani. Lakini barua ya serikali inafikia kwa mtendaji, aliyeajiriwa kwa kazi hiyo. Karatasi unayotaka kuiona iko mezani kwake. Ukiwa Zanzibar, nenda kwa sheha wa shehia yako.

Karatasi hiyo ibandike ukutani, karibu na mlango. Usiiache kwenye simu tu. Simu huzima chaji, na mtoto aliyebaki nyumbani na bibi hana nywila yako.

3. Upitie ubao wa matangazo mara mbili kwa wiki

Ofisi ya mtendaji ina ubao. Wengi tunaupita tukienda kuomba barua ya utambulisho, na hatuusomi. Wakati wa mlipuko, panga siku mbili za kuupitia, kwa mfano Jumatatu na Alhamisi. Ukiwa unatoka kazini jioni, mpe kazi hiyo kijana wa nyumbani anayepita huko akienda shule.

Ukikuta tangazo jipya, lipige picha lote, kuanzia nembo ya juu hadi muhuri wa chini. Nusu ya tangazo huzaa maneno. Aya moja iliyokatwa inaweza kusema "wafanyabiashara wote", kumbe aya inayofuata inasema "isipokuwa wa vyakula".

4. Sikiliza gari la matangazo kwa masikio manne

Gari linapita mara moja na halirudi kwa ajili yako. Likikaribia, zima redio, toka nje, kisha tafuta mambo manne tu: nini kimeagizwa, wapi, kuanzia lini, mpaka lini.

Ukikosa moja kati ya hayo manne, mpigie mtendaji kesho yake asubuhi. Swali lako liwe fupi: "Mheshimiwa, agizo la soko ni la soko letu au la kata nzima? Linaanza leo au Jumatatu?" Maswali mafupi hujibiwa. Ukianza na lawama, utaambiwa yuko kikaoni.

"Mpaka lini" ndiyo husahaulika zaidi, nayo ndiyo inayoibana mifuko. Iulize kila mara.

5. Hakiki kabla hujaamini

Barua ya kweli ina mambo yanayoonekana. Ina jina la ofisi juu. Ina namba ya kumbukumbu. Ina tarehe. Ina sahihi, jina na cheo cha aliyeiandika. Ina muhuri. Ikikosa mawili kati ya hayo, iweke kando mpaka uulize.

Tovuti ya halmashauri huishia na go.tz. Ukurasa wenye nembo ya taifa lakini anwani yake inaishia kwingine, usiutegemee.

Klipu ya sauti ni hatari zaidi. Haina tarehe, haina muhuri, na mara nyingi haina mwenyewe. Huanza na "jamani, nesi mmoja wa hospitali kubwa kaniambia". Jiulize: nesi gani, hospitali gani, lini? Kama hakuna jibu, klipu hiyo iishie kwako.

Barua pia inaweza kughushiwa. Ndiyo maana hatua ya mwisho ya kuhakiki ni ileile: piga simu kwa mtendaji au 199. Dakika tatu za simu ni nafuu kuliko tenga la nyanya lililooza kwa sababu ya uvumi.

6. Kila taarifa ipe tarehe

Wakati wa mlipuko, taarifa ya kweli ya Jumatatu inaweza kuwa imepitwa na wakati Ijumaa. Hilo halimaanishi kwamba kila mara mtu amekudanganya. Vipimo huja na majibu mapya, na hali hubadilika.

Chukua mfano wa Biharamulo, mkoani Kagera. Katikati ya Januari 2025, taarifa ya Wizara ilisema sampuli zilizopimwa hazikuonyesha virusi vya Marburg. Januari 20, Rais Samia Suluhu Hassan alithibitisha kwamba Marburg imepatikana. Aliyeendelea kusambaza taarifa ya kwanza wiki hiyo alikuwa anawapa majirani faraja iliyokwisha muda wake.

Kwa hiyo ukihifadhi tangazo, andika juu yake siku ulipolipata. Ukimsimulia mtu, anza na tarehe: "Tangazo la Jumanne linasema hivi." Ukipata jipya, la zamani lifute kwenye simu na libandue ukutani.

7. Yajue maneno yao

Matangazo ya afya yana maneno yake. Ukiyaelewa, hofu inapungua na kazi inaonekana.

"Mhisiwa" ni mtu mwenye dalili ambaye bado hajathibitishwa kwa kipimo. "Aliyethibitika" ni yule ambaye maabara imemkuta na ugonjwa. "Waliotangamana" ni watu waliokaribiana na mgonjwa: waliomuuguza, waliolala naye chumba kimoja, waliomwosha. Hao bado si wagonjwa. Wanafuatiliwa ili dalili zikianza wapate huduma mapema.

Machi 21, 2023, Marburg ilipotangazwa Bukoba Vijijini, waliotajwa kuugua walikuwa 8, na kati yao 5 walikuwa wamefariki. Waliokuwa wakifuatiliwa kwa kutangamana nao walikuwa 161. Mtu asiyejua tofauti angesoma 161 akasema mkoa umekwisha. Anayeelewa angeona kwamba kuna wafanyakazi wanaopita nyumba hadi nyumba kuuziba mlipuko usivuke.

Kuna hesabu nyingine mbili za kushika kuhusu Marburg. Siku 21 ndizo anazofuatiliwa aliyetangamana na mgonjwa, kwa sababu dalili zinaweza kuchelewa hadi siku hizo. Siku 42, yaani 21 mara mbili, ndizo zinazohesabiwa bila mgonjwa mpya kabla mlipuko haujatangazwa kuwa umekwisha. Huo wa Bukoba ulitangazwa kwisha Juni 2, 2023. Kwa hiyo ukisikia "hakuna mgonjwa mpya wiki hii", usiondoe ndoo ya kunawia mlangoni. Subiri hesabu ikamilike.

8. Geuza agizo liwe kazi yenye mwenyewe

Tangazo likishahakikiwa, kaa nalo chini na watu wa nyumbani kwako. Kila agizo lipe mtu na muda. "Tunawe mikono" peke yake haina mwenyewe. "Asha anajaza ndoo ya maji tiririka saa kumi na mbili asubuhi, Juma anaangalia sabuni jioni" ina wenyewe wawili.

Agizo la usafiri lihesabu kwa saa. Mwaka 2020 daladala za Dar es Salaam zilipoagizwa kubeba abiria waliokaa tu, ile "level siti", foleni za vituoni zilirefuka. Aliyeamka kwa saa yake ya kawaida alichelewa kazini. Ukisikia agizo la namna hiyo, siku ya kwanza toka mapema zaidi, kisha upime.

Agizo la chakula lihesabu kwa sufuria. Mlipuko ukiwa wa kipindupindu, mama lishe anaweza kuzuiwa kwa muda au kupewa masharti. Kama ndiye anayekulisha mchana, panga kubeba chakula kutoka nyumbani. Kama wewe ndiye mama lishe, nenda kwa bwana afya siku ileile. Muulize sharti moja moja: maji ya kunawia, kuhifadhi chakula cha moto, choo, na cheti cha kupima afya. Yaandike. Ukitimiza, mwite aje aone.

9. Muda uliotajwa, uongeze kichwani mwako

Machi 17, 2020, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza shule za awali, za msingi na za sekondari zifungwe kwa siku 30. Kidato cha sita na vyuo walirudi Juni 1. Madarasa mengine yalirudi Juni 29. Siku 30 zilizaa zaidi ya 100.

Jifunze hapo. Ukiambiwa wiki mbili, panga fedha, chakula na malezi ya watoto kwa wiki nne au zaidi. Dawa za kila siku, kama za kisukari, presha au ARV, muulize mhudumu wa kliniki kama unaweza kupewa za muda mrefu zaidi. Agizo likiisha mapema, hujapoteza kitu. Likirefuka, halijakukuta mikono mitupu.

10. Mfikishie asiyefikiwa

Kila mtaa una watu ambao tangazo haliwafikii. Bibi asiye na simu. Jirani kiziwi. Mlinzi wa usiku anayelala gari likipita. Dada wa kazi aliyefika juzi kutoka kijijini. Mgeni asiyejua Kiswahili vizuri. Mama aliyejifungua ambaye hatoki ndani.

Chagua wawili uwe mtu wao. Wawili tu, ili uwaweze. Kila tangazo jipya likitoka, waeleze kwa maneno yao. Kama bibi anaelewa Kihaya, Kisukuma au Kigogo kuliko Kiswahili, mweleze kwa lugha hiyo. Kwa kiziwi, andika au mwonyeshe picha ya tangazo. Kisha mwombe akurudishie alichoelewa. Akikosea, rudia taratibu.

Usimchome mzee kwa maneno ya kumwogopesha. Anza na anachotakiwa kufanya, ndipo umweleze sababu. "Bibi, kuanzia leo wageni tunawapokea nje, barazani, maana kuna ugonjwa unapita" inatosha.

11. Grupu la mtaa liwe na sheria nne

Grupu la WhatsApp la mtaa ni mali, likiwa na utaratibu. Kama wewe ni admini, weka sheria hizi.

Ya kwanza: tangazo linawekwa kwa picha nzima, pamoja na tarehe. Ya pili: anayeweka aseme amelipata wapi. Ya tatu: klipu isiyo na mwenyewe inaondolewa bila mjadala. Ya nne: jina la mgonjwa haliandikwi, wala picha ya nyumba yake haiwekwi.

Hiyo ya nne ishikilie kwa nguvu zote. Jina likitajwa, familia hutengwa, watoto huzomewa, na genge lao hukosa wateja. Jirani mwingine mwenye dalili akiona hayo, atajificha. Anayejificha hatibiwi, na ugonjwa unaendelea kutembea kimyakimya kutoka nyumba moja hadi nyingine. Kumsitiri mgonjwa ni utu, na pia ni kinga ya mtaa mzima.

Kumbuka pia kwamba Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamgusa anayesambaza habari za uongo. "Nimeforwadi tu" si kinga. Ukiwa na shaka, usitume.

12. Ukiona dalili, piga simu kwanza

Mtu wa nyumbani akianza dalili zilizotajwa kwenye tangazo, usimpakie kwenye bodaboda kwa haraka. Piga 199 au zahanati. Eleza dalili, zimeanza lini, na mnakaa wapi. Fuata utakayoambiwa. Wakati mwingine watamfuata wao, ili dereva, abiria na wagonjwa wa foleni wasiambukizwe.

Ukisubiri, mtengee chumba, kikombe na sahani. Amhudumie mtu mmoja tu.

Msiba ukitokea wakati wa mlipuko kama wa Marburg au Ebola, usioshe mwili kabla ya kuwapigia. Virusi hivyo hupita kwa kugusa majimaji ya mwili, na mwili wa marehemu bado unaambukiza. Najua jambo hili ni zito. Kumsitiri marehemu ni heshima yetu ya mwisho kwake. Ongea na wahudumu wa afya pamoja na shehe, padri au mchungaji wako, waelekezane namna ya kumsalia na kumuaga bila kuzika mwingine wiki inayofuata.

13. Taarifa ikikosekana, idai

Kuna wakati mtaa unakuwa kimya. Ubao mtupu, gari halipiti, mtendaji hapokei simu. Usikae na hasira. Nenda ofisini na majirani wawili au watatu, mkiwa na maswali matatu yaliyoandikwa. Acheni nakala, na mwandike siku mliyoipeleka. Msipojibiwa, pandeni ngazi: mtendaji wa kata, kisha diwani, kisha mkurugenzi. Diwani ana nafasi ya kuuliza ndani ya baraza la madiwani. Mpe swali lililokamilika, akaliulize.

Tumia pia mkutano mkuu. Kijijini unapaswa kufanyika angalau mara moja kila miezi mitatu, na kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea ni mjumbe wake. Mikusanyiko ikizuiwa, peleka swali kwa maandishi kupitia mwenyekiti.

Agizo likiwa na pengo, lisemee pengo hilo kwa adabu na kwa mfano. Mkiambiwa mnawe mikono na bomba la mtaa limekauka siku tisa, semeni siku tisa. Mkiambiwa msikaribiane na kisima ni kimoja kwa watu wote, ombeni zamu za kuchota. Kiongozi mzuri anahitaji kusikia hayo, kwa sababu agizo lisilotekelezeka halimkingi mtu yeyote.

Anza na hili leo

Hizi mbinu zote hazihitaji fedha nyingi. Zinahitaji karatasi, kalamu, na miguu ya kufika ofisi ya mtendaji. Ugonjwa wa mlipuko hautumi barua kwamba unakuja Jumatano. Ukifika, mtu mwenye namba tano ukutani anapiga simu. Asiye nazo anauliza kijiweni.

Kwa hiyo kabla ya jua kuzama, andika zile namba tano. Piga moja, uhakikishe inapokelewa na mwenyewe. Kisha mwandikie nakala yule jirani yako mzee asiye na simu janja, umbandikie mlangoni kwake.